Karikó alishushwa cheo akabaki na mRNA yake, hivi alikuwa ameona nini pale maabara?

Kibuyu wa Moro

Habari za jioni wakuu, naomba mnisaidie mawazo. Niko mwaka wa pili wa masta, biokemia, nafanya peroksidesi za muhogo, vile vimeng'enya vinavyohusika muhogo unapoanza kuchora michirizi ya bluu nyeusi siku mbili tatu baada ya kung'olewa. Wiki iliyopita andiko langu la kuomba fedha limekataliwa mara ya tatu, msimamizi wangu kaniambia kwa upole tu kwamba nifikirie kubadili mada nishike kitu ambacho wafadhili wanakitaka sasa hivi. Sijamkasirikia, ni mtu mzima na anajua anachosema, ila siku nne hizi usingizi hauji vizuri.

Katika kusoma soma ndo nikarudi kwa yule mama wa Hungaria, Katalin Karikó, aliyepata Nobel ya tiba 2023 pamoja na Drew Weissman. Habari yake wengi mnaijua, miaka ya tisini yote anaomba fedha za kufanya mRNA, ile RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, anakataliwa, 1995 chuo kikamwambia achague, aondoke au akubali kushushwa cheo, na yeye akakubali kushuka. Sasa kila mahali naona inasimuliwa kama habari ya uvumilivu, vumilia tu mwisho utapata. Mimi hiyo hainitoshi jamani, nawajua watu wamevumilia mpaka wakastaafu na hakuna kilichotokea, na walikuwa wazuri.

Kwaiyo swali langu ni hili, ni kitu gani hasa alikiona mezani kwake kilichomfanya aamini hapotezi muda? Na mwenye kuelewa ile habari ya kubadilisha herufi za RNA anieleze taratibu, maana mimi RNA nilishaiacha darasani.

Pipeti Mia

Pole sana ndugu Kibuyu, kukataliwa mara ya tatu kunauma kuliko ya kwanza, nimepita huko.

Nianze na alichokiona. 1989 aliingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kwa daktari wa moyo anaitwa Elliot Barnathan. Wakatengeneza mRNA yenye maelekezo ya protini moja, kipokezi cha urokinesi (protini ya juu ya seli inayonasa kimeng'enya kiitwacho urokinesi), wakaiingiza kwenye seli ambazo zenyewe hazitengenezi kipokezi hicho, halafu wakakaa kwenye mashine ya kuhesabu mionzi inayotoa namba kwenye karatasi mstari kwa mstari. Namba zikatoka kipokezi kipo. Yaani wameiandikia seli barua na seli imejibu. Mtu akishaona hivyo kwa macho yake, jopo la wafadhili likimwambia haiwezekani yeye anajua tayari imewezekana Jumanne ile saa fulani, na hilo kwa maoni yangu si uvumilivu wa kufumba macho, ni kwamba alikuwa na data ambayo wengine hawakuipa uzito.

Sasa tuwe wakweli, waliokataa nao walikuwa na hoja. RNA ni kitu kinachokufa haraka kuliko vyote nilivyowahi kushika. Vimeng'enya vya kuikata viko kwenye jasho la mkono wako, viko kwenye meza, viko kwenye maji usipoyatibu. Nimefundisha vijana wengi kuitoa na kila mwaka kuna anayelia kwa sababu kasahau kubadili glovu baada ya kushika kitasa cha mlango. Kwaiyo mtu akisema nataka kutengeneza dawa ya RNA, watu waliona anataka kubeba maji kwa tenga.

Na kulikuwa na tatizo kubwa zaidi ya kuoza. Hapo kwenye 1997 hivi ndo akakutana na Weissman kwenye mashine ya fotokopi, wakati ule majarida unatoa kopi mwenyewe, na wote wawili walikuwa watu wa kusoma sana. Weissman alitaka chanjo ya UKIMWI na alikuwa anafanya seli za dendritiki, zile zinazokamata mgeni na kwenda kuwaonyesha askari wengine wa mwili. Karikó akamwambia mimi natengeneza mRNA yoyote unayotaka. Akamtengenezea, Weissman akaiweka kwenye seli, seli zikawaka moto, zikatoa kemikali za uvimbe kama zimevamiwa na virusi. Kwa dawa hiyo ni hukumu ya kifo.

Sasa sikiliza hapa Kibuyu maana hapa ndo penyewe. Kwenye majaribio yao waliweka na RNA nyingine za kulinganisha, na tRNA, ile inayobeba amino asidi seli inapojenga protini, haikuwasha kitu. Seli zikakaa kimya. Ni RNA vilevile, sasa kwa nini hii inapita mlangoni na ile inapigiwa yowe? Wakajiuliza tofauti yao ni nini. tRNA imejaa herufi zilizofanyiwa marekebisho. RNA ina herufi nne, A, U, G na C, na kwenye mwili wetu nyingi hurekebishwa baada ya kuandikwa, ile ya bakteria hurekebishwa kidogo sana, na ile ya kutengeneza kwenye tyubu hairekebishwi kabisa. Wakaanza kutengeneza mRNA zenye herufi zilizorekebishwa moja baada ya nyingine na kuzijaribu. Walipoondoa yuridini, yaani ile U, wakaweka sudoyuridini, ambayo ina atomu zilezile ila imeshikana na sukari kwa kaboni badala ya naitrojeni, uvimbe ukaisha karibu wote. Vipokezi vya ulinzi vya seli havikuiona tena kama mgeni. Pepa ikatoka 2005 kwenye jarida la Immunity. 2008 wakaonyesha jambo la pili, kwamba hiyo mRNA iliyorekebishwa inatoa na protini nyingi zaidi, hapo ndo ikawa dawa inawezekana.

Kwaiyo Nobel ile ukiifuata mpaka mzizi wake unafika kwenye kisima cha kulinganisha, yaani kile kitundu cha sahani ya maabara chenye tRNA, kilichokaa kimya.

Mama Nuru

Mimi si mtu wa maabara, nimesomesha watoto watatu na mmoja yuko famasi ndo maana napita humu. Nakubaliana na Pipeti ila naona mnamsahau mwenye data kama mtu.

Huyu mama baba yake alikuwa muuza nyama kwenye mji mdogo wa Kisújszállás, nyumba haina maji ya bomba wala friji. Akasoma Szeged mpaka PhD, 1985 fedha za mradi wake zikaisha akakosa kazi akiwa na miaka 30 na ana mtoto wa miaka miwili. Wakapata nafasi Philadelphia, Chuo Kikuu cha Temple, wakati huo Hungaria ya kikomunisti huruhusiwi kutoka na hela za maana. Wakauza gari lao la Lada wakapata pauni kama 900 wakazishonea ndani ya mdoli wa dubu wa mtoto. Hebu fikiria unapita uwanja wa ndege mtoto amekumbatia maisha yenu yote.

Na 1995 hiyo mnayoitaja kwa mstari mmoja, mume wake alikuwa amekwama Hungaria kwa mambo ya viza, yeye mwenyewe ana wasiwasi wa saratani anasubiri upasuaji, na ndo hapohapo anaambiwa cheo chako basi. Watu wanauliza kwa nini hakuondoka kwa hasira. Mtoto yupo! Mfanyakazi wa chuo kile mtoto wake akisoma pale anapunguziwa ada sehemu kubwa, na kweli binti yake Susan alisoma hapohapo, akaanzia hapo kupiga makasia na akaja kuchukua dhahabu mbili za Olimpiki, Beijing 2008 na London 2012, kwa timu ya Marekani. Mimi hesabu za namna hiyo nazijua, unameza maneno ya mtu kazini kwa sababu Januari kuna ada.

Kuna jambo lake lingine kila nikilikumbuka linanigusa. Alisema mama yake mzazi alikuwa anasikiliza matangazo ya Nobel kila mwaka akimwambia binti yake huenda safari hii wakataja jina lako, na yeye anacheka, maana hata uprofesa hana. Mama yule alifariki 2018.

Otis wa Kondele

Salamu kutoka Kisumu. Mama Nuru shikamoo, hiyo ya dubu ilinigusa pia.

Naongezea kitu juu ya cheo, maana huku kwetu mtu asipoitwa Prof anaona kama hajafika. Karikó pale Pennsylvania alikuwa kwenye ngazi ya watafiti wanaojitafutia mshahara, yaani usipoleta fedha za utafiti wewe huna nafasi, na ya kudumu hakuwahi kuipata. Barnathan alipoondoka kwenda kampuni ya dawa, aliyemuokoa ni daktari kijana wa upasuaji wa ubongo, David Langer, aliyewahi kufanya naye kazi maabara akiwa mwanafunzi, huyo ndiye aliomba idara yake imchukue. 2013 akaenda kampuni ya BioNTech ya Ujerumani akiwa na miaka 58. Uprofesa kamili wa chuo chake cha zamani cha Szeged ulikuja baada ya dunia kuanza kuchanjwa UVIKO-19. Na Szeged si mahali padogo, hapo ndo profesa Albert Szent-Györgyi alitoa vitamini C kwa wingi kutoka pilipili hoho nyekundu za Hungaria, akapata Nobel 1937.

Ya pili, kwa anayedhani ile U ni jambo dogo. Chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna zote zinatumia ndugu yake sudoyuridini, yenye kikundi kidogo cha atomu kiitwacho methili juu yake, na majaribio makubwa ya 2020 yalitoa kinga ya asilimia 95 na 94. CureVac wa Ujerumani walikuja na mRNA yenye U ya kawaida, 2021 wakapata asilimia 48. Tuwe wa haki, dozi yao ilikuwa maikrogramu 12 tu wakati Pfizer ni 30 na Moderna 100, na virusi vilikuwa vimeshabadilika, kwaiyo siyo U peke yake. Lakini dozi yenyewe kwa nini ilibaki ndogo? Mimi naona ndo kulekule, RNA isiyorekebishwa ukiiongeza mwili unachachamaa.

Na isikae kama habari ya mbali. Desemba 2023 BioNTech walizindua kiwanda Kigali, kile kilichojengwa kwa makontena, kwa ajili ya chanjo za mRNA. Vijana wetu wenye digrii za biokemia wajue hiyo kazi inahitaji mikono inayoweza kushika RNA bila kuiua, kama alivyosema Pipeti.

Kibuyu wa Moro

Asanteni sana wote, nimesoma mara mbili. Mama Nuru shikamoo mama, hilo la mama yake na redio nimeshindwa kulipita.

Naomba niulize jambo moja kisha niseme la kwangu. Ile pepa ya 2005, ilipotoka watu hawakuona uzito wake? Maana ukisoma sasa unaona kila kitu kimo ndani yake.

La kwangu ni hili, Pipeti uliposema kisima cha kulinganisha kimekaa kimya nimeshtuka kidogo. Mimi kontroli yangu, yaani sampuli ya kulinganisha, ni juisi ya muhogo iliyochemshwa, inatakiwa iwe imekufa, isitoe rangi, maana rangi ndo inaonyesha peroksidesi inafanya kazi. Sasa yangu mara kwa mara inatoa rangi. Hafifu, lakini ipo. Siku nyingine haitoi kabisa. Nimekuwa naandika ni uchafu, namwaga naanza upya, zile data sijaziweka hata kwenye andiko kwa sababu zinaharibu muonekano.

Pipeti Mia

La 2005 kwanza. Waliipeleka Nature ikakataliwa, wakaambiwa ni nyongeza ndogo tu ya yanayojulikana. Ilipotoka Immunity Weissman alitegemea simu zianze kuita kesho yake, na hazikuita. Waliosoma wakaelewa walikuwa wachache, baadhi yao ndo waliokuja kuanzisha makampuni.

Sasa Kibuyu tulia hapohapo kwenye kontroli yako. Ulichemsha dakika ngapi? Na ulipima mara tu ilipopoa au uliacha ikakaa? Nauliza kwa sababu peroksidesi za mimea zina tabia inayojulikana, ukizichemsha muda mfupi zinalegea lakini zikipoa na kukaa baadhi zinajikunja upya na kurudi kazini. Watu wa kugandisha mboga wanaijua vizuri, ndo maana wanatumia peroksidesi kupima kama mboga imechovywa maji ya moto vya kutosha, kwa sababu ndiyo ngumu kufa kuliko nyingi. Kama yako inarudi siku nyingine na siku nyingine hairudi, tofauti inaweza kuwa saa ulizoiacha kwenye friji na wala si uchafu. Na kama aina moja ya muhogo inarudi na nyingine hairudi, hapo una swali ambalo mimi ningependa kulisoma.

Usimwage tena. Andika muda wa kuchemsha, muda wa kupoa, aina ya muhogo, kila kitu.

Kibuyu wa Moro

Dakika tatu. Na nimeangalia daftari sasa hivi hapa nilipo, siku zilizotoa rangi zote mbili nilipima kesho yake kwa sababu umeme ulikatika mchana!! Siku isiyotoa nilipima palepale.

Sampuli ya Alhamisi bado iko kwenye friji, sijaimwaga. Kesho saa moja asubuhi niko maabara naipima kabla ya mtu yeyote hajaingia, halafu nachemsha nyingine mpya dakika tatu, tano na kumi, muhogo wa aina mbili. Nitaleta namba hapahapa.

Mama Nuru

Marahaba mwanangu. Kunywa chai kwanza.