ABU ya zamani au rili bapa ya kisasa: ipi inafaa kurushia Tanga?

MshipiRaskazone
Wakuu, mezani kuna rili mbili za kuvulia samaki, zote za ngoma (kigurudumu cha kukunjia uzi) inayozunguka, zile zinazokaa juu ya fimbo. Ya kwanza ni ABU Ambassadeur 6500C, ya duara, imetumika, kromu bado inang'aa ila ngoma inakwaruza kidogo. Ya pili ni rili bapa mpya, fremu ya alumini, gia 7.1 kwa 1 (ukizungusha mkono wa rili mara moja, ngoma inazunguka mara 7.1), breki ya sumaku.

Kazi zenyewe: kurusha chambo bandia cha gramu 15 hadi 40 kutoka kwenye miamba kwa kolekole na mzia, na siku nyingine kuteremsha chubwi la gramu 100 kutoka chomboni kwa changu na chewa. Uzi ni wa kusuka, kilo 15. Vijiweni wanasema za zamani "ni chuma" na mpya "ni plastiki". Naomba hoja zenye vipimo.

FundiNgamiani
Hilo la "ni chuma" tulitoe kwanza. Si chuma. Ukiifungua 6500C unakuta shaba iliyopakwa kromu, bapa za ubavuni za alumini, na gia za shaba zilizokatwa nene. Shaba haishikwi na kutu ile nyekundu, na gia nene hulika polepole. ABU walianza mwaka 1921 kule Svängsta, Uswidi, kama kiwanda cha saa, wakatengeneza mpaka mita za teksi kabla ya kugeukia rili, na ukitazama meno ya gia unamwona fundi saa. Ambassadeur ya kwanza, ile nyekundu 5000, ilitoka 1952, na umbo la ndani halikubadilika sana kwa miongo mingi. Herufi C mwishoni ni dalili ya beringi za ngoma badala ya bushi.

Kukwaruza kwa rili ya umri huo kwa kawaida ni grisi iliyoganda kama nta, au chumvi ndani ya beringi. Legeza zile skrubu tatu za kukaza kwa vidole, ubavu wa mkono unatoka mzima pamoja na gia zake, kisha ngoma inafuata. Toa beringi, loweka kwenye mafuta ya taa dakika 20, zungusha kwa kidole, mwaga, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Kausha vizuri. Tone moja la mafuta ya cherehani kila beringi. Nasema moja! Grisi haiingii kwenye beringi za ngoma. Mahali pake ni kwenye meno ya gia, tena safu nyembamba.

Sasa sikiliza mahali wengi wanapoharibu. Pembeni ya ngoma kuna vipande viwili vidogo vya breki vinavyoteleza kwenye vijiti vyake. Ngoma ikishika kasi vinasukumwa nje na kusugua ukuta wa duara. Ukuta huo unatakiwa uwe mkavu kabisa. Ukiugusa na mafuta, breki inateleza, ngoma inapita kasi ya uzi, uzi unatatana, na mwenye rili anaanza kutukana Waswidi. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, basi.

KaoleMvuvi
Fundi kasema kweli kuhusu usafi, lakini swali lilikuwa ipi inafaa. Kwa gramu 15 jibu ni rili bapa, wala haihitaji mjadala mrefu. Ngoma ya zamani ni nzito na chambo chepesi hakina nguvu ya kuiamsha. Ikishaamka haitaki kusimama. Ngoma ya kisasa imepunguzwa nyama mpaka imetobolewa, kwa hiyo inaanza na kuacha haraka. 6500C inaanza kuonja raha kuanzia gramu 30 kwenda juu. Ukimpa gramu 60 hadi 150 ndipo yuko nyumbani, na warushaji wa mbali wa Uingereza wanaipenda 6500 CT, isiyo na mpanga uzi (kile kinachoongoza uzi ujipange sawa kwenye ngoma), kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna upepo. Breki ya msuguano, ile ya vipande viwili aliyoieleza Fundi, huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikipungua nusu, breki inabaki robo. Ya sumaku hupungua sawasawa na kasi, nusu kwa nusu, kwa hiyo mwisho wa mrusho bado inashika. Unaporusha kuikabili kusi, chambo kinapigwa na upepo na kupunguza mwendo ghafla huku ngoma bado ina kasi yake. Hapo ndipo uzi unapofura, na hapo ndipo sumaku inapokuokoa.

Kuweka, kwa rili yoyote ya aina hii: funga chambo, inua fimbo, kaza kitufe cha pembeni, bonyeza klachi, ile inayoiachia ngoma izunguke huru. Legeza kitufe mpaka chambo kishuke polepole, na kikigusa chini ngoma isimame bila kuzunguka zaidi ya mara moja. Sumaku anza nayo karibu na mwisho, kisha ipunguze namba moja moja. Dole gumba libaki juu ya ngoma, na lishuke kabla chambo hakijagusa maji.

DadaPangani
Mmesahau gia. Kaka Raskazone, chukua kalamu.

Ngoma ikijaa, kipenyo cha uzi tukifanye milimita 36. Mzunguko wake ni 36 mara 3.14, yaani milimita 113. Nyingi za zamani ni 4.7 au 5.3 kwa 1. Kwa 4.7, mzunguko mmoja wa mkono unaleta sentimita 53. Kwa 7.1 unaleta sentimita 80. Mzia hufuata kitu kinachokimbia, kwa 4.7 utajichosha bure.

Geuza upande. Mkono wa rili una milimita 45 toka katikati hadi kishikio, na mkono wako unasukuma kwa kilo 5. Kwenye uzi, gia ya 4.7 inakupa kama kilo 2.7. Ya 7.1 inakupa kilo 1.8 tu. Hapo chewa ameshaingia pangoni, na wewe unazungusha hewa. Dawa kwa rili bapa ni mkono mrefu: ukiweka wa milimita 60 unapata kilo 2.3 hivi. Haifikii ya zamani lakini inavulika. Na usivute samaki kwa rili. Inua kwa fimbo, zungusha ukishusha.

Sahare_Usiku
Dragi je, ile breki inayoachia uzi samaki akivuta? Hapo ndipo za zamani zinapovuja.

FundiNgamiani
Kweli, na hapo sitetei. Wosha za awali, zile sahani za msuguano ndani ya dragi, hukauka na kunata: samaki akivuta, dragi haianzi taratibu, inashikilia kisha inaachia kwa kishindo. Uzi wa kusuka haunyumbuki, kwa hiyo kishindo chote kinapokelewa na fundo au na ndoana. Badilisha ziwe za kaboni, zinapatikana kwa vipimo vya rili hii na ni kazi ya nusu saa. Zipange kama ulivyozikuta, ya chuma, ya kaboni, ya chuma, na piga picha kabla ya kutoa hata moja. Zivae kavu, au kwa grisi ya dragi ya kupaka na kufuta. Grisi ya baiskeli hapana.

Kipimo: pima kwa mzani wa springi, uzi ukipita kwenye fimbo iliyopinda, siyo kuvuta moja kwa moja toka kwenye rili. Theluthi moja ya nguvu ya uzi ndiyo kikomo. Kwa kilo 15 weka kilo 4 hadi 5. Kumbuka pia ngoma inapopungua uzi dragi inakaza yenyewe: kilo 4 kwenye kipenyo cha milimita 36 zinakuwa kilo 6 kikifika 24. Wengi wanaokatikiwa samaki anapokimbia mbali walikuwa wanakaza wakati walipaswa kulegeza.

KaoleMvuvi
Tusiiachie ya zamani sifa zote za uimara, wala tusiisamehe mpya. Ugonjwa mkubwa wa rili mpya baharini ni ile beringi ya njia moja inayozuia mkono usirudi nyuma. Ndani ni vijiti vyembamba na springi kama nywele. Chumvi ikiingia, springi zinakufa, siku hiyo mkono unazunguka nyuma samaki akiwa upande wa pili. Nayo ukiipaka grisi vijiti vinateleza. Inataka filamu ya mafuta mepesi tu. Ya zamani ina kijino kinachokwama kwenye gurudumu la meno. Inachezacheza kidogo kabla ya kushika, ndiyo, lakini kijino unakiona kwa macho na unakinyoosha kwa koleo.

Kingine ni skrubu za chuma cha pua ndani ya fremu ya alumini. Maji ya chumvi katikati yake yanafanya kama betri na alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu, umechelewa. Siku ya kwanza, rili ikiwa bado inanukia boksi, toa skrubu moja moja, paka grisi kwenye nyuzi zake, rudisha.

DadaPangani
Na kuosha. Msielekeze bomba kwenye rili, presha inasukuma chumvi ndani. Kaza dragi kwanza maji yasipenye kati ya wosha, nyunyiza maji baridi, futa, kisha legeza dragi kabisa kabla ya kuhifadhi. Mpanga uzi ndio wa kutazamwa zaidi, kwa zote mbili: mfereji wake unabeba mchanga na chumvi, kijino chake kinachongoka, uzi unaanza kurundikana upande mmoja. Zungusha mkono huku ukisafisha mfereji kwa mswaki wa zamani, kisha tone la mafuta.

Uzi wa kusuka usiufunge moja kwa moja kwenye ngoma laini. Utateleza mzima mzima na utadhani dragi imekufa. Tanguliza mita 10 za nailoni.

MshipiRaskazone
Ahsanteni. Chini ya mguu wa hiyo ABU pameandikwa 781100. Ina maana?

FundiNgamiani
Mbili za kwanza mwaka, mbili zinazofuata mwezi: Novemba 1978. Mbili za mwisho ni toleo la marekebisho, na hizo ndizo za kumpa muuza spea, maana rili mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana kipande kimoja kidogo kinachokukwamisha.

Kwa kazi ulizozitaja: mpya kwa chambo bandia, ABU kwa chubwi. Kama pesa ni ya moja, na miamba ndiyo kazi ya kila wiki, chukua bapa. Kama unatoka na chombo zaidi, chukua ABU uongeze bei ya wosha za kaboni.

Kabla ya kulipa, kaza dragi yote, shika ngoma kwa dole gumba, usukume mkono nyuma kwa nguvu. Ukicheza kidogo na kushika, ni sawa. Ukiruka jino, kijino au gurudumu lake limelika. Kisha zungusha mkono taratibu sana ukiwa umeiweka sikioni: mkwaruzo unaokuja kila mzunguko mmoja wa mkono ni gia kubwa, unaokuja haraka haraka ni beringi ya ngoma. Beringi unabadilisha. Gia, mrudishie mwenyewe.

Sahare_Usiku
Na uangalie kromu chini ya mguu, siyo juu. Kijani huanzia huko.