Tanga siku tatu na watoto na mama mkwe, tuanzie wapi?

MamaWawili_Dom

Habari zenu wadau, naombeni msaada kwa wanaoijua Tanga vizuri. Mume wangu kapata kazi ya mkataba huko kwenye kiwanda cha saruji, sasa mwezi wa sita shule zikifungwa nataka tumfuate mimi na wanangu wawili, mmoja ana miaka 11 mwingine 7, na mama mkwe ambae ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tuna siku tatu kamili na baba yao anatoka kazini jioni kwa hiyo mchana ni sisi wenyewe na hatuna gari.

Shida yangu ni hii, kila ninaemuuliza ananiambia Tanga hamna kitu mama, ni bandari na vumbi la saruji na mashamba ya mkonge, kama unataka kutembeza watoto wapeleke Zanzibar. Hata mume wangu anasema anachokijua yeye ni njia ya kazini na nyumbani basi. Mi moyo unakataa kuamini. Hawa watoto wamezaliwa Dodoma hawajawahi kuiona bahari kwa macho yao, na mapango ya Amboni nimeyasikia tangu nikiwa shule ya msingi. Je bibi ataweza kuingia mle? Na zaidi ya mapango kuna nini cha kuwaonesha?

Mzawa_wa_Barabara_ya_12

Karibu sana Tanga dada yangu, na hao waliokwambia hamna kitu ni wale wa kushuka stendi ya Kange asubuhi wakapiga shughuli zao jioni wakapanda basi, ndo maana tuna ule msemo wetu waja leo waondoka leo.

Amboni ni kilometa kama 8 tu toka mjini, unatoka na barabara ya Horohoro halafu unakata kushoto, kodi bajaji ya kwenda na kurudi na mkubaliane bei kabla hamjapanda na umwambie kabisa akusubiri, maana kupata usafiri wa kutoka kule ndani kuja barabara kubwa ni kazi. Usiingie bila muongozaji wa palepale, na muwe na tochi zenu wenyewe kila mtu yake, wenzio wameshaingia watu sita na tochi mbili wakawa wanashikana mashati. Vaeni raba, chini kuna sehemu panateleza na kuna vinjia unainama mpaka unatambaa. Kwa magoti ya mama mkwe nakushauri asiingie ndani sana, aone ule ukumbi wa mwanzo halafu apumzike nje kivulini nyie mmalizie.

Watoto watafurahi humo ndani yani, maji yamechonga mawe mpaka unaoneshwa ramani ya Afrika ukutani, na popo wamejaa darini. Kuna chumba cha mzimu watu wanaenda kuomba, mtakuta chupa za marashi na vitambaa na sarafu chini, mwambie mdogo asishike kitu pale, ni heshima ya watu. Mkiweza kukaa mpaka magharibi mtaona popo wanatoka wote kwa pamoja kama moshi unatoka kwenye bomba.

Jioni baba akirudi nendeni Raskazone watoto waoge bahari. Na mjini kodini baiskeli, Tanga ni mji wa baiskeli hamna vilima.

Mwl_Mstaafu_Jiografia

Mimi nimepeleka wanafunzi Amboni zaidi ya mara kumi enzi zangu kwa hiyo naomba niongeze kidogo, na hasa nataka kusema na mama juu ya hilo vumbi la saruji walilomtishia.

Mama, jiwe linalosagwa kiwandani kwa mumeo na jiwe la mapango ya Amboni ni jiwe moja. Ni chokaa ya zamani mno, ilijijenga chini ya bahari enzi za Jurasiki, tunazungumzia miaka kama milioni 150. Ukanda huo wa chokaa ndo umefanya kiwanda kikajengwa hapo na sio kwingine, na maji ya mvua na ya mito yakipita kwenye jiwe hilohilo kwa maelfu ya miaka yanaliyeyusha kidogo kidogo mpaka linakuwa pango. Kwa hiyo huyo wa miaka 11 akitoka pangoni jioni amuulize baba yake leo mmesaga mawe kiasi gani, atakuwa ameelewa somo ambalo darasani nilikuwa natumia wiki nzima.

Na mtakapokuwa mle ndani mtasikia njia inaenda mpaka Mombasa, wengine wanasema mpaka Kilimanjaro. Hadithi tamu na waacheni watoto waisikie, lakini mwaka 1994 wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walipima mapango kumi, refu kuliko yote likawa mita 900. Hadithi ya Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni nayo waulizeni, waongozaji wanaijua vizuri.

Karibu na hapo kuna maji moto ya Galanos, yamepewa jina la mlowezi wa Kigiriki aliekuwa na mashamba ya mkonge. Ni maji ya kiberiti, harufu yake ni ya yai viza, watu wanayatumia kwa magonjwa ya ngozi. Msitegemee majengo ya maana, nendeni kwa ajili ya maji yenyewe.

Lakini kama ningekuwa na siku moja tu na mama wa miaka 68 ningempeleka Tongoni. Kilometa kama 17 kusini kwa barabara ya Pangani. Ni uwanja tambarare, hamna ngazi, hamna kutambaa. Kuna msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40 ya karne ya 14 na 15, mengine yana minara, mingi imeshaanguka imelala chini vipande vipande. Msiangalie kwa mbali. Sogeeni kwenye mnara, mtaona vishimo vya duara vimechongwa kwenye jiwe, mle zilikuwa zimepachikwa bakuli za kigeni zilizokuja na majahazi, bakuli zilishang'olewa zamani limebaki duara lake tu. Mwambie mtoto aweke kiganja mle. Ukuta wenyewe ni matumbawe na chokaa iliyochomwa, ukipitisha mkono unaona kabisa vijitundu vya mdudu wa baharini aliejenga lile jiwe.

Mji huo Wareno waliukuta, Vasco da Gama alipita 1498, na aliporudi 1499 ndo akaichoma meli yake mwenyewe São Rafael kwenye mafungu ya hapo nje maana mabaharia walikuwa wamekufa wengi hawatoshi kuendesha meli zote. Nasema haya kwa uchungu kidogo kwa sababu basi zima la wanafunzi linapita pale kwenda Pangani kuogelea na halisimami hata dakika kumi.

Kijana_wa_Muheza

Amani hamjaitaja jamani? Dada usitoke Tanga bila kupanda Amani, msitu wa Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale 1902 na tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Baridi safi, vipepeo, vinyonga, mashamba ya chai, mimea ya iliki na miti ya mdalasini unaonusa unapita, na lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanaliweka madirishani kwao dunia nzima asili yake ni milima hii, alielituma Ulaya ni mkuu wa wilaya wa Kijerumani wa hapahapa Tanga mwaka 1892. Kama mbali basi Magoroto, kuna msitu na ziwa watu wanapiga mahema. Na mkipita Muheza mnunue machungwa.

Mzawa_wa_Barabara_ya_12

Kijana Amani ni nzuri sikatai ila mwezi wa sita ile barabara ya kupanda ikinyeshewa ni utelezi na makona, na wao hawana gari na wana mama mzima mwenye magoti. Kwa siku tatu mimi naiacha, bora wakae kwenye mambo manne wayaone vizuri.

Kijana_wa_Muheza

Sawa mkuu, kwa bibi nimekuelewa. Basi wakija mara ya pili na gari.

Mtoto_wa_Nahodha

Mi naongelea bahari. Mwezi wa sita ni kusi, upepo wa kusini unakuwa mkali na bahari inachafuka hasa mchana, kwa hiyo habari za boti muongee na mtu wa boti jana yake na mtoke asubuhi mapema. Mimi mwenyewe nilishawahi kupeleka wageni na boti ya mtu mmoja ambae hakuangalia maji, tukafika maji yamekupwa tukashuka kwenye tope la mikoko mpaka magotini na kurudi tukasubiri masaa manne yajae. Toka siku hiyo siulizi bei kwanza, nauliza maji yanajaa saa ngapi na kama ni bamvua, yale maji yanayojaa na kukupwa sana, au maji mafu yasiyopanda wala kushuka sana.

Ndani ya bandari kuna kisiwa cha Toten, kiko karibu kabisa kimezungukwa na mikoko, kina magofu ya misikiti na makaburi ya kale na Wajerumani nao walizika watu wao huko, jina lenyewe la Kijerumani ni la wafu. Boti ya muda mfupi tu na humo ndani ya ghuba hamna mawimbi makubwa, watoto mnawafunga maboya. Msiende na boti isiyo na maboya hata wakiwaambia ni karibu.

Maziwe ya Pangani ni mbali na ni bahari ya wazi, kusi likivuma siwashauri na mtoto wa miaka 7. Ni fungu la mchanga, wazee wetu waliliona likiwa na mivinje na kasa wanataga, limekuwa hifadhi tangu 1975 lakini miti yote ilishachukuliwa na bahari na siku hizi maji yakijaa sana linafunikwa lote.

Na kingine waambie watoto, hii bahari watakayokuwa wanaiangalia pale Tongoni ni ya silikanti. Ni samaki ambae wataalamu waliamini alikwisha pamoja na madinosaria mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini 1938, halafu huku kwetu kuanzia 2003 wakaanza kunasa kwenye majarife ya wavuvi wa papa mmoja baada ya mwingine. Ndo ikaja hifadhi ya bahari ya silikanti 2009, kilometa za mraba 552, imeanzia juu ya mdomo wa mto Pangani mpaka huku mjini. Hamtamuona, anakaa chini sana kwenye giza, ila mwanangu mimi kila tukikaa ufukweni ananiuliza sahivi yuko wapi.

MamaWawili_Dom

Asanteni sana jamani nimesoma kila neno na mama mkwe nimemsomea. Yeye kasema Tongoni. Swali moja, vita vya nyuki ni hapohapo Tanga? Babu yake alikuwa akivitaja.

Mwl_Mstaafu_Jiografia

Ndio mama, Novemba 1914. Waingereza waliteremsha jeshi lao la kutoka India kama watu 8,000 upande wa Raskazone, Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu na bado Waingereza wakashindwa, na kwenye mapigano nyuki wa mizinga wakachokozwa wakavamia watu. Ufukwe mtakaoogea ndo upande huo. Makumbusho ya Urithi yako kwenye boma la Kijerumani mjini, pelekeni asubuhi ya siku ya tatu, picha za zamani za reli na mkonge ziko pale. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa 1893 na mwaka huohuo ndo mkonge ukaletwa kutoka Florida, miche 1,000 ilianza safari ikapona 62.

MamaWawili_Dom

Tumerudi Dodoma juzi nimeona nilete mrejesho maana mlinisaidia sana.

Amboni tulienda siku ya kwanza, tochi nne, mdogo aliogopa popo dakika mbili tatu halafu ikabidi tumbembeleze kutoka. Toten hatukwenda, nahodha alituambia mwenyewe upepo sio, tukamshukuru. Raskazone jioni walioga mpaka midomo ikawa ya bluu, na yule mkubwa alionja maji kwanza kabla ya kuingia, akaniambia kweli yana chumvi, kama alikuwa anadhani walimu wanamdanganya.

Njiani kwenda Tongoni dereva wa bajaji alitusimamisha karibu na korona ya mkonge, yaani kiwanda cha kutolea singa, tukaona majani yanaingia mashine upande mmoja na upande wa pili zinatoka singa za kijani zinadondosha maji, wanaziosha wanazianika kwenye waya, zile za jana zimeshakuwa nyeupe kama nywele za mzee. Mama mkwe aliomba kitita kidogo wakampa, anasokota kamba sasa hivi ninavyoandika.

Mwalimu, Tongoni tulikaa masaa matatu. Niliogopa atachoka, yeye ndo alietuchosha sisi, alitembea kaburi moja baada ya jingine na fimbo yake, kila moja anasimama anasoma Fatiha. Mdogo aliweka kiganja kwenye yale maduara kama ulivyosema, halafu akamuita bibi nae aweke wake. Mkono wa bibi haukuenea, ikabidi akunje vidole.

Baba yao kaulizwa maswali ya mawe jioni mpaka akasema kesho yake atawaletea kipande. Kakileta, kiko hapa mezani.

Kijana wa Muheza, Amani ni Desemba, tunatafuta gari la kukodi lililo juu linaloweza ule mlima, ukimjua mtu mwaminifu niandikie.