Kikundi cha ukoo: kompyuta imelala na majina

*JUMATANO*

19:57 Rehema: Assalaam alaykum jamani. Kompyuta ya dukani imelala, haitaki kuamka. Nilikwenda kuswali Isha, narudi kioo cheusi. Natikisa kipanya, nabonyeza kibodi, kimya.

19:58 Rehema: 📷 Picha

20:01 Zuhura: Waalaikum salaam. Rehema, majina ya ukoo anayotutajia Shangazi yamo humo?

20:01 Rehema: Ndiyo kilichonitoa jasho dada. Yamo.

20:02 Zuhura: Ulisevu?

20:04 Rehema: Ya jana na juzi nilisevu. Ya leo bado. Tumekaa tangu alasiri, yeye anataja mimi naandika, hata maji ya kunywa sikuinuka. Adhana ilipolia nikasema narudi sasa hivi.

20:04 Zuhura: Ya Rabi. Alasiri mpaka Isha!

20:05 Zuhura: Idi uko wapi? Idi. IDI. Njoo hapa, mama yako mdogo ana shida.

20:06 Zuhura: Na wengine msome. Orodha inatakiwa kwa mchapaji Ijumaa mchana, hitima Jumapili. Sitaki kusikia Jumamosi mtu anasema hakuona ujumbe.

20:09 Shabani: Kompyuta nayo imechoka kusikia majina 😂 hata mimi Shangazi akifika kwa akina Mwinyi wa Pangani huwa nasinzia

20:09 Zuhura: Shabani si wakati wake.

20:10 Shabani: Mwamsheni kwa chai ya tangawizi 😂😂

20:12 Idi: Shikamooni wote. Samahani nilikuwa kwenye daladala. Mama mdogo, USIIZIME. Usichomoe waya, usishikilie kitufe cha kuwashia. Umenielewa?

20:12 Rehema: Marahaba baba. Sijagusa.

20:14 Idi: Kompyuta ikilala, ulichoandika bila kusevu kinakaa kwenye ramu, ile kumbukumbu yake ya muda. Ramu inakumbuka maadamu inapata umeme, hata kidogo. Ukikatika sekunde moja, imesahau kila kitu. Kwa hiyo tuende taratibu. LUKU imebaki yuniti ngapi za umeme hapo dukani?

20:15 Rehema: Ngoja niangalie

20:17 Rehema: 1.9. Mita imeshaanza kulia pii pii.

20:17 Zuhura: Rehema!!! 1.9 na friji la soda liko hapohapo?

20:18 Rehema: Friji nachomoa sasa hivi. Waya wake uko mbali na wa kompyuta, nimeuangalia mara mbili.

20:19 Zuhura: Nani anunue umeme? Mimi nimetuma ada ya mtoto leo, simu haina kitu. Omari? Shabani? Baba Mdogo Hamza, shikamoo, naona tiki za buluu.

20:26 Zuhura: Watu 23 humu ndani. Ishirini na watatu.

20:28 Shabani: Nimenunua wa elfu tano. Tokeni nimemtumia Rehema faragha.

20:28 Zuhura: Mungu akubariki mdogo wangu.

20:31 Rehema: Nimeiingiza, tarakimu zote 20, mikono inatetemeka. Imekubali. Asante Shabani.

20:33 Idi: Sasa twende. Taa ya kwenye siipiyu, lile boksi la kompyuta, ikoje? Inawaka tu au inawaka na kuzimika polepole?

20:34 Rehema: Mwanzo ilikuwa inapepesa polepole. Nilipobonyeza kitufe mara moja feni zikaanza kuvuma, sasa taa imetulia. Kioo bado cheusi.

20:34 Idi: Ulibonyeza mara moja tu ukaachia?

20:34 Rehema: Mara moja tu, wallahi.

20:36 Idi: Sawa, hiyo haina neno. Kuna mambo mawili hapa. Huenda kompyuta imeamka ila kioo ndicho hakipati picha. Au imekwama katikati, si macho si usingizi. Bonyeza Num Lock kwenye kibodi, juu ya zile namba za kulia. Taa yake inabadilika?

20:37 Mama Asia: *Umetumwa tena mara nyingi* 🌙🌹 USIKU MWEMA. Mtumie dua hii watu 10 uwapendao nao watakuombea...

20:38 Zuhura: Mama Asia mpenzi, ngoja kidogo tumalize hili.

20:39 Rehema: Inabadilika!! Inawaka, inazimika, inawaka.

20:40 Idi: Alhamdulillahi. Basi kompyuta iko macho, inakusikia. Ni picha ndiyo haifiki. Taa ya monita ni rangi gani?

20:40 Rehema: Ya chungwa.

20:42 Idi: Maana yake monita haipati kitu. Kandamiza vinne kwa pamoja: kile cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Inaamsha upya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, haifungi wala haifuti chochote. Ikifanya kazi utasikia mlio mfupi.

20:45 Rehema: Nimejaribu mara tatu. Mlio umetoka mara moja. Kioo hakijabadilika.

20:46 Idi: Haya, nyuma. Waya wa monita umechomekwa wapi? Juu karibu na tundu za kibodi, au chini kwenye ile kadi yenye feni yake?

20:48 Rehema: Chini kwenye kadi. Ile aliyoiweka Shabani.

20:49 Zuhura: Kadi ipi aliyoiweka Shabani?

20:50 Rehema: Ya magemu. Mwezi wa Ramadhani.

20:50 Zuhura: Kwenye kompyuta ya duka?

20:52 Shabani: Dada nilikuja kuwasaidia, picha za pasipoti zilikuwa zinafunguka kwa kusuasua. Mkumbuke na umeme nimenunua mimi 😅

20:53 Idi: Mjomba Shabani, kadi umeitoa wapi?

20:53 Shabani: Kwa jamaa, Ngamiani. Iliyotumika.

20:55 Idi: Hapo ndipo penye mashaka. Kompyuta ikilala kadi inazimwa, ikiamka draiva lazima iiamshe upya. Draiva ikiwa kuukuu, au pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, imechoka, kadi huenda isiamke na wenzake. Chomoa waya wa monita, subiri kidogo, urudishe palepale. Zima monita na kuiwasha. Monita tu, siipiyu usiiguse.

21:02 Rehema: Nimefanya. Hamna.

21:03 Omari: Assalaam alaykum. Huku Maskati ni saa nne, ndiyo natoka kazini. Kuna nini? Ujumbe 60.

21:03 Zuhura: Waalaikum salaam kaka. Soma kuanzia juu.

21:09 Omari: Nimesoma. Si kompyuta ileile iliyoungua mwaka juzi?

21:10 Rehema: Ndiyo hiyohiyo kaka. Umeme ulikatika, uliporudi ukarudi na kishindo, pawa saplai ikatoa moshi. Ikawekwa ya mtumba. Ukasema utaleta UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika.

21:10 Omari: Nilisema nikipata.

21:11 Rehema: Ulisema mwezi wa tisa.

21:12 Omari: Rehema tusianze. Hela ya UPS niliituma. Waulize walioitumia kwenye paa la Shangazi.

21:12 Zuhura: Paa lilikuwa linavuja kitandani kwake Omari. Nilikueleza, na picha nilikutumia.

21:13 Omari: Hukuniuliza. Ulinieleza. Kama lile la Pongwe.

21:14 Zuhura: Usilete la Pongwe humu.

21:15 Shabani: 🍿

21:15 Zuhura: Shabani futa hiyo.

21:15 *Shabani amefuta ujumbe huu*

21:18 Idi: Mama, mjomba, niwieni radhi, mita inakula. Mama mdogo, tujaribu kusevu hivyohivyo gizani. Kama Word ilikuwa mbele, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja, ngoja, kisha Enter.

21:19 Rehema: Nadhani Windows itakuwa inataka nywila kwanza.

21:20 Idi: Kweli. Basi Enter, andika nywila polepole kama unaiona, Enter tena. Hesabu mpaka 20. Kisha Ctrl S.

21:24 Rehema: Nimefanya. Kile kitaa cha kwenye siipiyu kinachopepesa ikifanya kazi kilipepesa kidogo. Sijui kama ni hiyo.

21:27 Idi: Huenda imesevu, huenda haikusevu. Imebaki njia moja. Kushikilia kitufe kama sekunde 10 mpaka feni zinyamaze, usubiri, uwashe upya. Tukifanya hivyo kilichomo kwenye ramu kinakwenda. Lakini Word hujihifadhia yenyewe kila baada ya dakika 10 kama hakuna aliyeibadilisha, kwa hiyo hatutapoteza alasiri nzima. Uliipangia ilale baada ya muda gani?

21:28 Rehema: Dakika 5. Kubana umeme.

21:29 Idi: Basi tunaweza kupoteza zile za mwisho mwisho. Kati ya Word ilipojihifadhia na kompyuta ilipolala.

21:30 Zuhura: Subirini. Asizime mtu. Hayo ni maneno ya Shangazi, aulizwe mwenyewe. Asha, uko naye?

21:36 Asha: Nipo naye bibi. Yuko kwenye mkeka. Namsomea yote.

21:36 Zuhura: La Pongwe usimsomee.

21:37 Asha: Nimeshasoma.

21:44 Asha: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:11)

21:46 Omari: Asha andika, bando langu la kusikiliza limekwisha.

21:53 Asha: Amesema: “Marahaba wanangu, wote. Izimeni. Mimi namba na majina nilifundishwa na mama yangu tukisuka ukili, hatukuwa na karatasi. Rehema, mwanangu, unaandika vizuri na nakuombea dua. Lakini leo mwisho nilikutajia nyumba ya Makorora, nikasikia vidole vyako vimesita. Macho yangu hayaoni, masikio yangu yanasikia. Nilimtaja Salimu na mama yake. Kama wamepotea humo, nitawataja tena. Na kama hawakuandikwa, nitawataja tena.”

21:54 Asha: Hapo akanyamaza kidogo. Halafu akasema: “Kaka yangu alizaa watoto saba. Msinisomee hitima ya watoto sita.”

22:15 Rehema: Shangazi nisamehe. Nilisita kweli. Lakini niliwaandika. Wallahi niliwaandika.

22:16 Zuhura: Hakuna anayekutuhumu Rehema.

22:21 Idi: Mama mdogo, zima. Shikilia kitufe, hesabu taratibu.

22:24 Rehema: Feni zimenyamaza.

22:31 Rehema: Inawaka. Kioo kina picha!! Nimefungua Word, upande wa kushoto imeleta faili mbili za kurejesha.

22:31 Idi: Fungua ya saa za karibuni. Usiseme hapana kwa swali lolote. Kisha isevu kwa jina jipya, na nyingine kwenye flashi.

22:40 Rehema: Nimesevu kote kuwili. Ipo mpaka nyumba ya Chumbageni. Imekatika hapo. Makorora haimo.

22:41 Shabani: Ya Makorora tu?

22:41 Rehema: Ndiyo ilikuwa ya mwisho Shabani. Idi amesema za mwisho ndizo zinazopotea.

22:43 Idi: Ni kweli mjomba. Ndivyo inavyofanya.

23:02 Zuhura: Haya. Tulale. Kesho tupange.

*ALHAMISI*

07:10 Zuhura: Asubuhi njema. Idi mweleze Rehema cha kufanya isirudie. Andika vizuri, mtoto wa dukani naye asome.

08:35 Idi: Shikamooni. Kwanza, kwenye mipangilio ya umeme weka isilale KAMWE, izimike kioo tu. Kioo kikizimika ramu haiguswi, na umeme utabana kiasi. Pili, uzime ule uwashaji wa haraka wa Windows, maana ukiwa umewashwa hata ukizima kompyuta haizimiki yote, inabeba matatizo ya jana kuyaleta leo. Tatu, draiva ya kadi nitaipakua huku nije nayo, bando la dukani msilimalize. Nne, Ctrl S kila ukimaliza nyumba moja. Kila nyumba, mama mdogo.

08:37 Idi: Na ni Windows 10 hiyo. Masahihisho yake ya bure kwa kawaida yaliisha Oktoba 14, 2025. Nikija tutaangalia kama inabeba 11, sitegemei.

08:50 Rehema: Nimeweka kamwe. Sasa kadi ya Shabani itolewe au?

08:52 Shabani: Itoeni ila msiitupe 🙏 jamaa nilimlipa nusu

09:05 Idi: Niipime kwanza. Nikiitoa na waya wa monita nikauhamishia juu, ikalala na kuamka mara kumi bila kusita, basi kosa ni la kadi. Ikikwama bado, nitashuku pawa saplai. Ile ya mtumba ndiyo inayolisha ramu usiku kucha ikiwa imelala, na ikichoka yaweza kushindwa hapohapo.

09:30 Zuhura: Idi nauli ya kwenda na kurudi Tanga, pawa saplai kama itahitajika, na UPS. Nani anatoa nini? Naanza: mimi nauli.

11:48 Zuhura: Nauli ipo. Vingine?

13:20 Omari: UPS nitatoa. Lakini inunuliwe UPS.

13:21 Zuhura: Idi atanunua Kariakoo mwenyewe, risiti ataiweka hapa. Umeridhika?

13:40 Omari: 👍🏽

13:41 Zuhura: Lini?

16:02 Asha: Bibi anauliza nani anakuja kuandika. Anasema leo baada ya Magharibi yuko tayari, kesho hajui afya yake. Na anasema safari hii anataka Salimu awe amekaa pale.

16:10 Zuhura: Kuandika ataandika Rehema. Mchapaji nimemwomba mpaka kesho jioni.

16:31 Zuhura: Nani ana namba ya Salimu?

17:05 Zuhura: Jamani nimeuliza.

17:40 Rehema: Mimi niliyokuwa nayo haipatikani. Dada nimeshafungua faili, nimeandika “Nyumba ya Makorora” juu, nimesevu. Nasubiri.

18:22 Baba Mdogo Hamza: Ninayo.

18:22 Zuhura: Shikamoo Baba Mdogo. Iweke hapa basi, nimpigie.

18:47 Zuhura: Baba Mdogo?

18:58 Rehema: Shangazi ameshafika dukani na Asha. Ameuliza ni viti vingapi.