Naombeni ushauri: simboli za moduli nizipange kwa anwani au moduli kwa moduli?

MwanaKibirizi (Kigoma)
Habari za jioni wakuu. Naandika programu ndogo ya kusoma vmcore, lile faili la kumbukumbu linalohifadhiwa na kdump pale kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux ikianguka. Kilichonisukuma ni seva ya mteja wangu hapa Mwanga. Umeme ukirudi inawaka, dakika chache baadaye inakufa.

Simboli (majina ya fankshoni na data, na anwani zake) nilizipanga moduli kwa moduli, yaani kwa zile sehemu za kerneli zinazopakiwa kando kama dereva, kila moduli na mwanzo na mwisho wake. Kerneli za zamani hazikunisumbua, ila 6.6 imegoma. Jana nimeipa ffffffffc0a41230, ikajibu ni moduli ya sauti. Nikaipitisha anwani ileile kwenye crash, programu ya kuchambua vmcore, ikasema ni e1000e, yaani kadi ya mtandao. Nimekesha bure na moduli isiyohusika. Nikipanga zote kwa anwani, si orodha itavurugika?

Fundi_Isevya (Tabora)
Pole mkuu. Hesabu zako ziko sawa, kilichobadilika ni kerneli. Tangu 6.4 ya Juni 2023, core_layout na init_layout, zilizoonyesha sehemu ya kudumu na ya kuanzia ya moduli zinaanza na kuishia wapi, hazipo tena. Struct module (rekodi ya kila moduli ndani ya kerneli) sasa ina safu ya module_memory yenye aina saba: MOD_TEXT, MOD_DATA, MOD_RODATA, MOD_RO_AFTER_INIT, na tatu za init, yaani za kuanzishia moduli. Kila kipande kinatafutiwa nafasi yake peke yake, kwa hiyo moduli nyingine inaweza kukaa katikati.

Chukulia mzee mwenye shamba Ujiji, jingine Gungu, jingine Simbo. Ukivuta kamba toka la kwanza hadi la mwisho useme kote ni kwake, majirani watakuja juu. Panga vipande kwa anwani, kila kipande kibebe jina la moduli yake na aina yake.

BintiUjiji
Sikubaliani sana na kuitupa orodha ya moduli. Mtu akitaka simboli za e1000e anataka zije pamoja. Halafu majina yanajirudia: init_module utaikuta kwenye moduli kibao, kwa hiyo jina bila moduli halikusaidii.

Fundi_Isevya
Hapo umenena dada. Basi simboli ziwe zilezile, njia mbili: ya anwani kwa kutafuta, ya moduli kwa kuonyesha.

BintiUjiji
Sawa. Kaka, chunga na vipande vya init. Moduli ikishamaliza kuanza, kumbukumbu yao inaachiwa na mwingine anaweza kupewa. Ukikuta size ni 0, ruka. Na init_module huwa jina la pili la fankshoni halisi ya kuanzia, anwani moja. Onyesha lile halisi.

MwanaKibirizi
Asanteni sana ndugu zangu. Nimegawa kwa vipande usiku huu, na ile anwani sasa inaangukia MOD_TEXT ya e1000e. Init bado sijazigusa, nazianza kesho asubuhi kabla sijaenda kwa mteja.