Mjadala: Je, Vitengo na Shule Maalumu Vivunjwe, Kila Mtoto Asome Shule ya Jirani?

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, naileta hoja hii nikijua kwamba itawaudhi baadhi yenu. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kinaelekeza kwamba kila mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, iwe ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu, na kwamba apewe huduma za kumsaidia kujifunza kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au aliyepangiwa kazi hiyo. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilieleza kwamba kuendesha mifumo miwili, wa kawaida na wa pembeni, hakuendani na Ibara yake ya 24, inayohusu elimu. Hata hivyo, mtoto mwenye ulemavu wa akili katani kwetu bado huambiwa aende kwenye kitengo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, kilicho kata ya tatu kutoka kwao, au apelekwe bweni la mkoa mwingine angali na umri wa miaka saba. Msimamo wangu ni kwamba vitengo vivunjwe kwa awamu na walimu wake wapelekwe shule za jirani. Nipingeni kwa hoja.

Mwalimu wa kitengo, Dodoma

Nakupinga, ndugu, japo sheria unayoinukuu naiheshimu. Kitengo chetu kina watoto ishirini na wanne na walimu wawili tuliosomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi. Ukitutenganisha, kila mmoja wetu ataangukia shule ambayo darasa la kwanza lina watoto zaidi ya mia moja, na ndani ya mwezi mmoja atapangiwa vipindi vya hisabati kama mwalimu mwingine yeyote, kwa sababu hakuna mwalimu mkuu anayeweza kumwacha mtu akae na watoto watatu huku madarasa mengine yakiwa hayana mwalimu.

Nikupe mfano mmoja. Muhula uliopita tulimfundisha mtoto mwenye usonji kufunga vifungo vya shati. Tulianza na koti kuukuu lenye vifungo vikubwa, tukaja kwenye shati la mtu mzima, kisha shati lake la sare. Kazi hiyo ilichukua wiki tisa, dakika ishirini kila asubuhi, na kelele za wenzake zilipozidi tulilazimika kurudi nyuma. Siku alipofunga cha tatu bila kushikwa mkono, bibi yake alikuwa mlangoni amekuja kumchukua, akaketi palepale kizingitini. Niambie ni katika darasa gani la watoto mia moja ningezipata dakika hizo ishirini. Ninawafahamu watoto waliopokelewa katika madarasa ya namna hiyo, wakakalishwa dawati la nyuma wakichora mistari daftarini na kupandishwa darasa kila mwaka bila mtu kuwauliza swali.

Mchangiaji kiziwi, Tabora

Nitasema machache. Nyumbani kwetu hakuna aliyejua lugha ya alama. Lugha niliipata bwenini, kutoka kwa watoto wenzangu, kabla hata ya kuipata kwa walimu. Shule ya viziwi ya hapa Tabora ilianza mwaka 1963 na ya Buguruni mwaka 1974, na anayetaka kuzifunga atueleze kwanza mtoto kiziwi atazungumza na nani katika shule ya jirani. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, tamko la kimataifa kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu ambalo watetezi wa elimu jumuishi, yaani watoto wote kusoma pamoja, hulitaja kila mara, lenyewe lilikiri kwamba kwa viziwi shule au madarasa maalumu yanaweza kufaa zaidi.

Mama wa mtoto mmoja, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu. Nimewasoma wote, na naona mnabishania jengo. Mwanangu ana miaka tisa na mtindio wa ubongo. Akili yake ni timamu, ila miguu na mkono mmoja havimtii. Shule ya jirani ilimpokea bila maneno, kwa sharti moja tu: mama awe anakaa karibu. Basi naketi chini ya mwembe nje ya dirisha la darasa, tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, nikiwa na mkoba wa nguo za kubadilisha na kanga ya pili. Choo ni cha kuchuchumaa, hakina pa kushika, kwa hiyo nambeba, namshikilia, namrudisha. Nilikuwa nikiuza vitumbua asubuhi na samaki wa kukaanga jioni, vitumbua nimeviacha. Ada hatulipi, hilo ni kweli, lakini mimi nalipa kwa asubuhi zangu zote.

Mwanzisha mada

Dada, umenirudisha nyuma, na sioni haya kulikiri. Sheria niliyoinukuu inamtaja mtoto na inamtaja mwalimu, na mimi nikaitetea nikasahau kwamba anayeketi chini ya mwembe anafanya kazi ambayo hakuna bajeti inayoihesabu. Kuhusu viziwi, naondoa hoja yangu, kwa kuwa hata hicho kifungu cha 27 kimewaachia nafasi. Kwa wengine naibadilisha: kitengo kisivunjwe kabla ya shule ya jirani kupata msaidizi anayelipwa. Halmashauri ambazo tayari hutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haziwezi kudai kwamba posho ya msaidizi mmoja kwa shule ni jambo lisilowezekana.

Mwalimu wa kitengo

Hapo tunaanza kuelewana. Lakini msaidizi huyo awe wa mtoto mmoja au wa shule nzima? Akiwa wa shule nzima, nakuhakikishia kwamba ndani ya wiki mbili atakuwa anatumwa kupiga chapa mitihani.

Mama wa mtoto mmoja

Kwangu hata wa watoto watatu anatosha, mradi wawe shule moja. Ila afundishwe kunyanyua. Mwaka jana kijana mmoja mwenye nia njema alimbeba mwanangu kwa kumshika kwapani, akamtegua bega, na tulikaa nyumbani wiki tano.