Mofini kwa mgonjwa wa saa za mwisho: muuguzi atoe au ashikilie?

Zamu_Usiku
Wakuu, mgonjwa wa saratani iliyosambaa amekuwa akinywa mofini ya maji (dawa kali ya maumivu), miligramu 5 kila saa 4. Sasa hamezi tena. Anapumua mara 10 kwa dakika, akigeuzwa anakunja uso na kuguna. Daktari ameandika mofini iendelee kwa sindano chini ya ngozi. Mwanawe anasema, "Mkimchoma hiyo mnammaliza." Muuguzi atoe? Na akifa nusu saa baadaye, nani kamuua?

Bomba_na_Sindano
Atoe, ila kwanza apige hesabu, hapo ndipo watu wanapoharibu. Kwa siku alikuwa anapata 5 × 6, yaani miligramu 30. Ya chini ya ngozi haipiti kwanza kwenye ini kama ya kunywa, kwa hiyo hukatwa nusu: 15 kwa siku, sawa na 2.5 kila saa 4. Anayenakili "5" kutoka kwenye kadi ya jana amezidisha mara mbili.

Pumzi 10 peke yake haimzuii mtu. Mofini ikizidi, kwa kawaida mgonjwa huzama usingizini kwanza, pumzi hufuata. Anayeguna akiguswa hajafika huko. Pumzi za kukatika na kurudi nazo huja siku za mwisho hata pasipo dawa. Cha kuita daktari haraka ni aliyekuwa akiitika kuacha kuamka muda mfupi baada ya dozi, na pumzi kushuka chini ya 8.

Jalada_Safi
Nia ya muuguzi haionekani moyoni, inaonekana kwenye kipimo. Dozi inayolingana na maumivu ni matibabu, hata mgonjwa akifa baada yake. Dozi inayopandishwa bila maumivu kupanda, hiyo haina utetezi.

Kwa hiyo andika ulichokiona: "02:10, amekunja uso na kuguna alipogeuzwa, mofini 2.5 mg chini ya ngozi. 02:40, uso umelegea, pumzi 10." Ukiandika tu "ana maumivu, dawa imetolewa" umejiacha uchi. Na kushikilia dozi kimyakimya ni uamuzi pia, tena mbaya zaidi. Una shaka? Mpigie aliyeiandika. Dhamiri inakukataza? Sema mapema mwenzako achukue nafasi, mgonjwa asibaki anaguna.

Shufaa_Kwanza
Huyo mwana asipuuzwe. Kabla ya kuvuta dawa, mwambie: "Pumzi zake zitabadilika tuchome tusichome. Hii ni ya maumivu, na nguvu yake ni ileile aliyozoea." Usimwambie ni vitamini, akigundua hatakuamini tena. Kama mgonjwa alishasema anataka nini, hilo linatangulia. Nani anaruhusiwa kumsemea ni suala la sheria ya nchi, liulizwe mapema, si saa nane usiku.

Bomba_na_Sindano
Nyongeza. Figo zikidhoofika na mkojo kupungua, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini: misuli inashtukashtuka, mgonjwa anaweweseka. Wengi hudhani ni maumivu, wanaongeza dozi, mambo yanazidi. Hapo daktari apunguze, atenganishe saa za dozi au abadilishe dawa.

Zamu_Usiku
Huyu ametulia upande wa misuli, ila anavutavuta shuka na kujinyanyua.

Shufaa_Kwanza
Bonyeza juu ya kinena kabla ya kugusa bomba la sindano. Mofini huzuia mkojo, na kibofu kilichojaa humfanya mtu ahangaike hivyohivyo. Hapo anahitaji mpira wa mkojo, si dozi nyingine. Angalia na choo, siku ngapi hajapata?