Nyumba ya Bibi Tandika: gumzo la wiki ya mvua

JUMATANO

Zai (Edmonton), 6:12
Shikamooni wakubwa zangu. Huku Kanada bado ni Jumanne, saa mbili usiku, nimetoka bandani sasa hivi. Nyuzi 24 chini ya sifuri. Kuku wote sita wameshapanda bembea, ule ubao wao wa kulalia, wamejitutumua manyoya kama mito.
[Picha]

Mama, 6:20
Marahaba mwanangu. Nimeikuza hiyo picha. Pale juu ya ukuta mbona naona tundu? Na upande wa pili jingine. Ziba Zai, watakufa hao.

Mama Mdogo Rehema, 6:22
Nyuzi 24 chini! Friza langu la kuuzia barafu linaishia 18 chini. Yaani hao kuku wamelala mahali penye baridi kupita ndani ya friza langu 😳

Zai (Edmonton), 6:25
Ndivyo mama mdogo. Na hayo matundu nimeyaacha kwa makusudi.

Mama, 6:26
Makusudi gani tena?

Zai (Edmonton), 6:34
Mama, mwaka jana nilifanya hivyo unavyosema. Niliziba kila upenyo kwa nailoni na gundi ya karatasi, nikajisifu kwamba sasa wamelala pazuri. Asubuhi ya tatu nafungua mlango, ukuta kwa ndani umeota barafu nyeupe, nyembamba, kama mtu amepuliza unga wa sembe. Nikajiuliza haya maji yametoka wapi, maana ndoo nilikuwa nimeitoa. Yametoka kwa kuku wenyewe. Wanapumua usiku kucha, na kinyesi kibichi cha kuku karibu robo tatu yake ni maji tu. Yote yale yanapanda hewani, hayana pa kutokea, yanarudi kuwatua vilembani. Kuku wangu Chiriku, ncha za kilemba chake zilianza kuwa nyeupe, zikaja kuwa kijivu, wiki iliyofuata nyeusi kama zimeungua. Zilikauka zikadondoka. Nililia sana.

Mama, 6:36
Hukuniambia.

Zai (Edmonton), 6:37
Nilijua utasema niwachinje yaishe.

Mama, 6:37
Ningesema uwaingize ndani kwako.

Juma, 6:41
Pole dada. Sasa bila hita wanaishije? Mimi hapa Buguruni kiyoyozi cha dukani kikiwa 20 natafuta koti.

Zai (Edmonton), 6:50
Kuku ana joto kutuzidi Juma. Sisi 37, yeye kama 41. Akijitutumua, hewa inakaa katikati ya manyoya laini ya ndani, hilo ndilo blanketi lake. Blanketi likilowa, au upepo ukilipenya, hapo ndipo anaumia. Kwa hiyo chini kote nimeziba, pembeni nimeziba, matundu yako juu kabisa, kupita vichwa vyao wakiwa wamelala. Unyevu unatokea huko na upepo hauwagusi.
Na bembea si fito ya mviringo kama za kwetu. Ni ubao bapa, upana wa kiganja. Anakanyaga kwa unyayo mzima, kisha kifua kinashuka kinafunika vidole vyote. Ukiwasha tochi usiku huoni mguu hata mmoja.
Taa ya joto sijaweka. Maranda yamekauka kama karatasi, taa ikianguka banda linawaka na kuku ndani. Na wakishaizoea, siku umeme ukikatika usiku hawana pa kujishika.

Mama Mdogo Rehema, 6:53
Na mafuta ya mgando kilembani? Mimi watoto wangu wakienda Lushoto Julai nawapaka mpaka masikioni.

Zai (Edmonton), 6:55
Wengi huku wanapaka. Mimi mwaka jana nilipaka, banda likiwa na unyevu, na Chiriku aliungua vilevile. Mwaka huu sijampaka mtu na vilemba ni vyekundu. Imani yangu iko kwenye ukavu.

Juma, 6:56
Ni mbegu gani hao? Yule mweupe kama hana kilemba kabisa.

Zai (Edmonton), 7:01
Huyo ni Chantecler, mbegu ya hapahapa Kanada. Kulikuwa na mtawa mmoja, Wilfrid Châtelain, kwenye monasteri ya Oka kule Quebec. Aliona kuku wote waliokuwepo nchini asili yao ni kwingine, hakuna aliyetengenezwa kwa ajili ya baridi hii. Akachanganya mbegu kwa miaka mingi mpaka akapata kuku mwenye kilemba kidogo kama kitufe na ndevu fupi, hana cha kugandishwa. Ikatambuliwa rasmi mwaka 1921. Ninao wawili. Mwenye kilemba kirefu ni Chiriku peke yake, na ndiye ninayeamka kwenda kumtazama.

Mama Mdogo Rehema, 7:02
Mtawa na kuku wake, mashallah. Mayai je?

Zai (Edmonton), 7:06
Wanataga wawili tu. Si baridi, ni mwanga. Kuku wa mayai anataka saa 14 na kuzidi za mwanga. Nyinyi mnapata kama 12 mwaka mzima. Huku mwezi huu jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, saa kumi na robo jioni limezama. Nimewaacha wapumzike, wametoka kubadili manyoya. Na yai lenyewe nikichelewa kuliokota linaganda, ganda linapasuka mstari kutoka juu hadi chini.

Mjomba Hamisi, 7:15
Samahani nawakatisha. Mimi huku Chanika nina msiba wa vifaranga. Nilichukua chotara 100, wana wiki tatu sasa, walikuwa wamebaki 96 wazima kabisa. Mvua imeanza Jumapili. Juzi usiku wamekufa wanne, jana usiku saba. Wanajikunyata, mabawa yameshuka. Nimewafunika turubai pande zote na jiko la mkaa liko ndani. Sijui nifanye nini zaidi.

Mama, 7:17
Pole kaka. Ni baridi ya mvua hiyo. Ongeza mkaa, na upande wa barabarani uzibe vizuri.

Zai (Edmonton), 7:18
Mjomba shikamoo. Naomba usizibe kwanza. Mama nisamehe.

Mjomba Hamisi, 7:19
Marahaba. Sema mwanangu, nakusikiliza.

Zai (Edmonton), 7:27
Naomba ufanye mambo mawili sasa hivi kabla hujatoka. La kwanza, chota maranda kwa mkono, karibu na chombo cha maji na katikati ya bruda, hapo unapowalelea. Finya, kisha fungua kiganja. Yakitawanyika ni sawa. Yakibaki donge yamelowa.
La pili, chuchumaa mpaka uso ufike usawa wao. Usivute hewa ukiwa umesimama, wewe uko mbali na wanapolala. Vuta hewa hapo chini, hesabu mpaka 20. Macho yakikuwasha, ndiyo hewa wanayovuta usiku kucha.

Juma, 7:29
Mjomba na hilo jiko litoe nje tafadhali. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa hewa ya sumu, haina harufu. Inaua watu wazima waliolala, sembuse kifaranga.

Mjomba Hamisi, 7:48
Nimefinya. Ni donge, na limeacha maji kiganjani.
[Picha]
Nimechuchumaa, sikufika kumi na mbili. Machozi.

Mjomba Hamisi, 7:50
Na kwenye kona nimeona kinyesi chenye damu.

Mama Mdogo Rehema, 7:51
Ya Rabbi.

Zai (Edmonton), 7:56
Mjomba hiyo damu usiisubirishe. Umri huo, maranda yamelowa, inafanana sana na koksi, kuhara damu. Vijidudu vyake vinakomaa penye unyevu na joto, kisha kifaranga anavidonoa chini na kuvimeza. Mwite afisa mifugo wa kata leo leo awaone mwenyewe, usikimbilie dukani kuchukua dawa ya kubahatisha.

Mjomba Hamisi, 7:57
Nampigia sasa.

Bibi (anaandika Sada), 8:10
[Ujumbe wa sauti, dakika 1 na sekunde 40]
Bibi anasema hivi, nimeandika kama alivyosema: "Hamisi mwanangu pole. Mimi nimezaliwa Lushoto, baridi naijua, ukungu unaingia mpaka chunguni. Kuku wetu walilala jikoni juu ya uchaga, moshi unapita kwenye nyasi za paa unatoka. Sikumbuki kuku kufa na baridi. Baba alipoezeka bati akaziba na pembeni kwa udongo, ule mwaka ndipo kuku walianza mafua, wanakoroma kama wazee, asubuhi bati linadondosha maji juu yao. Mama yangu alichukua panga akatoboa udongo pale juu. Baba alikasirika siku mbili. Zai mwanangu, huyo Chiriku mpe mahindi jioni."

Zai (Edmonton), 8:13
Bibi shikamoo ❤️ Nampa kila jioni, mahindi makavu kiganja kimoja kabla ya kulala. Tumbo likiwa na kazi usiku, mwili unapata moto.

Bibi (anaandika Sada), 8:14
Anasema marahaba, na uvae soksi mbili.

Mjomba Hamisi, 17:36
Afisa mifugo amekuja saa tisa. Amepasua mmoja aliyekufa akanionyesha utumbo, umejaa damu. Ni koksi. Amenipa amproliamu ya kuchanganya kwenye maji, na amesema kama Zai, dawa bila kukausha sakafu ni kazi bure. Kaniambia pia nisiwapige joto ovyo. Wiki ya kwanza walitaka nyuzi 33 hivi, kila wiki tunapunguza kama tatu, sasa wiki ya tatu 27 inawatosha. Usiku wa hapa wenyewe haushuki sana chini ya 24. Nilikuwa nawapika.

Mjomba Hamisi, 17:41
Tumetoa maranda yote, magunia manne, mimi na wifi yenu. Chini tumemwaga chokaa kidogo, tukaacha ikakauka, tumeweka maranda mapya ya kiwandani, yale ya mbao kavu. Chombo cha maji nimekiinua juu ya tofali, usawa wa migongo yao, wasiingie na miguu. Turubai nimelikunja kutoka juu, nimeacha wazi futi moja pande mbili, chini limebaki. Jiko nje, nimefunga balbu moja upande mmoja tu.

Zai (Edmonton), 17:44
Ahsante mjomba. Usiku watazame wanavyolala. Wakirundikana chini ya balbu wana baridi. Wakiikimbia wakahema midomo wazi wana joto. Wakitawanyika kila mmoja na pake, waache walale.

Mama, 17:50
Na mvua ikipiga kwa juu pale ulipoacha wazi?

Mjomba Hamisi, 17:52
Nimeongeza bati la kibaraza dada, limetokeza. Maji yanaangukia nje.

ALHAMISI

Mjomba Hamisi, 6:05
Usiku wamekufa watatu. Wote ni wale waliokuwa wamelala kifudifudi tangu jana. Wamebaki 82. Waliobaki walilala wametawanyika. Nimesimama na tochi mpaka saa nane.

Mama Mdogo Rehema, 6:11
Pole kaka. Ukalale kidogo.

Zai (Edmonton), 16:20
Huku saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, giza totoro. Nyuzi 31 chini. Nimetoka na maji ya uvuguvugu maana kile kipasha-maji cha chini ya ndoo kimezimika usiku, maji yameganda jiwe. Kuku asipokunywa hali, na asipokula hana moto, kwa hiyo leo nitatoka kila baada ya saa mbili mpaka nipate kingine. Nimegusa ukuta kwa ndani. Mkavu. Nimemgusa Chiriku kilemba kwa kidole kitupu, kina joto mama. Nyuzi 31 chini ya sifuri na kilemba kina joto.
[Picha]

Juma, 16:24
Kwenye nyusi zako kuna nini?

Zai (Edmonton), 16:25
Pumzi yangu, imeganda.

Bibi (anaandika Sada), 16:31
Anauliza soksi.

Zai (Edmonton), 16:32
Mbili bibi.

IJUMAA

Mjomba Hamisi, 6:02
Mmoja. 81.
Kinyesi chenye damu nimekiona mahali pamoja tu. Chakula cha asubuhi wamekimbilia, jana walikuwa wanakitazama.

Mama Mdogo Rehema, 6:08
Alhamdulillah. Dada na wewe wale wako wawili wanaokoroma tangu Ijumaa iliyopita vipi? Nilivyokuja Mbagala Jumapili banda lako liliniwasha macho nikadhani ni vitunguu vya jirani.

Juma, 6:30
Mama?

Mama, 9:15
Nilikuwa sokoni.

JUMAMOSI

Mjomba Hamisi, 6:00
81. Leo hakuna.
[Video, sekunde 14]

Zai (Edmonton), 6:03
Nimeisikia hiyo sauti yao mjomba, ile ya kulalamika kidogokidogo wakila. Nimeirudia mara tatu 😭

Bibi (anaandika Sada), 6:10
Anacheka. Anasema Hamisi Mungu akuzidishie, na dawa umalize siku zote ulizoambiwa, usiache kwa kuwaona wamechangamka.

Mjomba Hamisi, 6:12
Siachi mama. Zimebaki siku mbili.

Mama, 6:40
Nimechuchumaa bandani mwangu baada ya kuswali. Nimefika tisa. Na kwa juu bati linadondosha maji kama alivyosema mama.

Mama, 6:41
Juma, kesho uje na mkasi wa bati. Na waya wa kuku mita mbili, paka asiingie.

Juma, 6:44
Nakuja mama, dukani ninao. Nikate upande gani?

Mama, 6:45
Juu. Kupita vichwa vyao wakiwa wamelala.